Flashi Tatu Tupu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja na nusu asubuhi, nimevaa gauni jipya alilonishonea mama, na Mwenye Studio akanikabidhi karai. Studio yake ilikuwa chumba kimoja na kibaraza, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi, pazia la bluu nyuma na kiti cha kuzunguka mbele.

"Hapa tunasafisha picha," akasema. "Wewe utasafisha. Na ushike neno moja, Zuhura. Picha ni mtu. Mtu hayupo, picha hakuna."

Nikaitikia ndiyo mzee. Lakini mimi nilikuja kushika kamera, sikuwa na nia ya kuzeeka na karai.

Nyinyi mnaopiga kwa simu, ngoja niwaeleze tulivyokuwa. Mkanda mmoja ulikuwa na picha thelathini na sita, basi. Ukiisha, unautoa gizani na kuuchovya kwenye dawa. Kisha unachapa kwenye karatasi, na karatasi nayo inaingia kwenye karai la dawa chini ya taa nyekundu, sura ya mtu inaanza kuja polepole: kwanza nyusi, halafu meno. Huko ndiko kusafisha. Miaka miwili nimesafisha maharusi wa Kariakoo nzima, nilikuwa nawajua kwa meno.

Sasa, mkanda hausafishwi nusu. Mteja akipiga picha thelathini na tatu na ana haraka, zile tatu zilizobaki lazima zimaliziwe na chochote. Mwenye Studio alikuwa mvivu wa kutoka juani, ananipa kamera: "Kamalizie, piga hata watoto wa jirani." Mimi huyo, mbio sokoni.

Watoto wa jirani sikuwapiga hata siku moja. Nilipiga vivuli. Tenga tupu la nyanya likiegemea ukuta, jua linapita kwenye matundu yake na kuchora chini. Mabati yaliyopangwa, ndoo zilizopandana, kamba ya turubai inayokata ukuta katikati. Kazi yenyewe ni ya kutoa, si ya kuongeza. Unaona toroli: mtoe mwenye toroli, toa mzigo, toa barabara, sogea, chuchumaa, ubaki na gurudumu na kivuli chake, mpaka anayeangalia asijue tena ni toroli, aone duara na mistari tu, na bado apendezwe. Saa zake ni saa mbili asubuhi na saa kumi jioni. Saa sita kivuli kinajificha chini ya mwenyewe, hupati kitu. Furaha niliyokuwa naipata pale, wallahi, sikuipata kwenye harusi yangu mwenyewe.

Mwenye Studio akiziona, anashika kiuno. "Nini hii?"

"Ngazi, mzee."

"Ngazi itakuja kuchukua picha yake?"

Nilipandishwa cheo kwa sababu ya pazia la harusini. Kwenye harusi zetu za pwani upande wa wanawake haingii mpiga picha mwanamume, na studio haikuwa na mwanamke mwingine ila mimi wa karai. Ikaja harusi ya mtaa wa Gerezani, wakataka mkanda mmoja, wote wa kina mama. Mwenye Studio akanivalisha kamera shingoni kwa mkono wake. "Hii ndiyo nafasi yako. Ukirudi na kasoro, unarudi kwenye karai, na karai ndiyo ajira yako mpaka nife."

Nikapiga vizuri, sijisifu. Bibi harusi na mama zake, na shangazi, na mawifi waliokuwa wamenuniana, nikawachekesha. Picha ya thelathini na tano, mama wa bibi harusi akaniambia, "Basi mwanangu, tumemaliza, njoo ule." Ikabaki moja.

Kula sikwenda. Saa kumi na nusu jua lilikuwa limelala, na ukuta mweupe wa uani ukajaa vivuli: duara kubwa kama ungo, chini yake nguzo iliyonyooka, na ubavuni kitu cha mviringo kimeinama, kinashuka kama maji. Sikujua ni nini, na sikutaka kujua. Nikafumba jicho moja, nikasogea, nikatoa dirisha, nikatoa kamba ya nguo, nikapiga. Nikavuta mkono wa kamera. Haukuvutika; mkanda umeisha.

Ndipo nikageuka. Lile duara lilikuwa mwavuli. Nguzo ilikuwa bibi mzaa mama, ametoka kwake Kigamboni tangu asubuhi, pantoni imemweka kivukoni mchana kutwa. Kile kilichoinama ni mjukuu wake, bibi harusi, na shela yake, anambusu mkono. Nilitazama kivuli, sikumtazama mwenye kivuli.

"Mpiga picha, bibi kafika," mama mtu akaita. "Huyu ndiye aliyemlea. Wapige wao wawili."

Sikuwa na mkanda mwingine. Nilipaswa kusema. Badala yake nikafanya jambo ambalo wapiga picha wa enzi zile wote wanalijua na hakuna anayelikiri: nikawasha flashi tupu. Mara tatu. Bibi akajitengeneza kanga, akabana pumzi, akatabasamu kila mara kwa kamera isiyo na kitu. Mgongo wake ulikuwa umepinda kwa uzee, alijivuta ajinyooshe mpaka nikaona mishipa ya shingo. Nilirudi Msimbazi kwa miguu, nalia.

Mwenye Studio aliuchovya mkanda mwenyewe. Akafika picha ya mwisho, akaniangalia. Nikamweleza yote, na flashi tupu nikamweleza. Nilitegemea atafoka. Akasema taratibu, na hilo lilikuwa baya zaidi, "Utampelekea bibi picha hii wewe mwenyewe. Umwambie kwa mdomo wako. Akiikataa, kamera nitaipokea kesho asubuhi."

Kigamboni nilimkuta barazani anachambua mchele. Nikaamkia, shikamoo bibi, akaitikia marahaba mwanangu, nikampa bahasha, nikasema. Zile flashi zilikuwa tupu. Picha yako na mjukuu wako haipo. Iko hii tu, nayo niliipiga bila kukujua.

Akaishika mbali na macho, akaigeuza nyuma na mbele. 

"Huu mwavuli wangu," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Na huyu mwenye shela, mtoto wangu. Na huyu aliyenyooka ni nani?"

"Ni wewe."

Jua lilimpiga kwa mgongoni, ule upinde wote ukapotelea ndani ya kivuli, na ukutani amesimama wima kama msichana. Alipitisha kidole kwenye ile nguzo toka chini mpaka juu. "Mimi huyu," akasema. "Miaka mingapi sijajiona hivi." Machozi yakamtoka, na mimi yakanitoka, halafu akaanza kucheka, akamwita jirani, akamwita na wa nyumba ya pili, njooni mnione nilivyonyooka. Wakabishana kama ni yeye au siye.

Naondoka, akanishika mkono. "Lakini umenibanisha pumzi mara tatu bure. Hilo sijakusamehe. Mwambie bosi wako nataka kubwa, ya ukutani."

Nikampelekea Mwenye Studio habari. Akauliza kitu kimoja: "Kubwa kiasi gani?" Kisha akanining'inizia kamera shingoni. "Picha ya mwisho ya mkanda ni yako. Kivuli, ngazi, utakavyo. Ila kabla hujaipiga, uulize nani bado hajafika. Uulize mara tatu, moja kwa kila flashi."

Kutoka hapo nilifanya kazi miaka mingi. Nilihamia ofisi moja maeneo ya Posta, ambako Mkuu wa Kitengo cha Picha alikuwa akilalamika, "Zuhura, mimi nakutuma ukataji wa utepe, wewe unaniletea mkasi." Picha yenyewe ya mkasi aliitundika ofisini kwake, na kivuli chake. Nikastaafu kwa keki na kanga. Siku hizi nazunguka Kariakoo na simu, napiga mabati na ndoo zangu, na vijana wa maduka wananiambia, "Bibi, hiyo ni nini?" na tunabishana mpaka chai inapoa. Nina raha, siwafichi.

Mwezi uliopita tulimwoza mtoto wa mdogo wangu. Vijana wanapiga ovyo, nami nikasimama katikati ya uwanja nikauliza nani bado hajafika. Wakacheka. "Mama mkubwa, hii simu haijai." Nikauliza mara ya pili, wakaendelea kupiga. Mara ya tatu sauti ikatoka nyuma ya nyumba, kwenye moshi: "Sisi wapishi." Wakaja wanane, macho mekundu, wanajifuta kwa kanga, na miiko yao mkononi.