Kaburi la Mzigua Kule Bama

Siku niliyokutana na Mhina nilikuwa nimeteremka gulio la Mazinde na tenga la kabichi kichwani. Njia ya kutoka kwetu Gare ni mteremko mtupu, magoti yanatetemeka kabla hujafika. Nilikuwa sijautua mzigo vizuri, kijana mmoja mrefu akaja, akachagua kabichi kubwa kuliko zote, akaitia kwapani na kuanza kuondoka.

"Wewe! Hiyo mali ya watu!"

"Kodi," akasema bila kugeuka. "Mimi Mzigua. Babu zako waliwaonea babu zangu."

"Babu zako ndio waliotuchomea nyumba!"

"Basi hukumu imetoka. Tumekuwa watani." Akabandua jani moja, akalitafuna bichi.

Ningefanya nini? Wasambaa na Wazigua walipigana zamani, wakauana hasa, na walipochoka wakaanzisha utani. Tangu hapo Mzigua akininyang'anya sina pa kumshitaki, nami nikimtukana hana ruhusa ya kununa. Nikamwambia kwamba nchi yao ni kavu hivi kwamba hata jasho lao ni vumbi. Akacheka mpaka jani likampalia. Alikuwa akikata mkonge hapo Mazinde, na tangu siku ile sikuuza kabichi gulioni bila yeye kuchukua moja.

Ndipo ikaja habari ya vita. Waandikishaji walifika Lushoto wakitaka vijana wa keya, jeshi la Mwingereza la Waafrika, wakisema adui safari hii ni Mjapani. Baba yangu aliposikia alishangaa sana. Katika vita vya kwanza alibebeshwa mizigo na Wajerumani mpaka mabega yakaota sugu, na alikumbuka wazi kwamba Mjapani wakati huo alikuwa upande wa Mwingereza.

"Walikuwa marafiki wale," akasema. "Wamegombana lini?"

Baba akanikumbusha wanavyosema wazee: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Lakini nilikuwa kijana, na vijana wenzangu walikuwa wanateremka Mombo kupanda garimoshi. Nikateremka nao. Kwenye behewa la pili nikamkuta Mhina amekalia nafasi ya watu wawili.

"Msambaa, nimekuwekea," akasema. "Umechelewa kwa sababu ya mafua yenu ya mlimani."

Tulifunzwa, tukapandishwa meli Mombasa, tukakaa kisiwani Seiloni, kisha tukapelekwa Bama, nchi ya mashariki ya mbali waliyokuwa wameiteka Wajapani. Sitaeleza mengi ya njiani. Tulitapika baharini, tukazoea wali, tukajifunza kulala tumesimama. Bama kulikuwa na milima na ukungu kama kwetu, na siku ya kwanza nilifurahi kuiona. Halafu mvua ikaanza. Ilikuwa mvua isiyojua kukata, na tope lilikuwa linavua watu viatu.

Ofisa wetu alikuwa Mwingereza kijana, luteni mwenye Kiswahili cha kujifunzia shambani kwa baba yake mdogo, Kenya. Jioni moja mvua ilipotulia tulikuwa tunakausha soksi, Mhina akamuuliza lile swali la baba yangu, maana nilikuwa nimemsimulia.

"Bwana, ni kweli nyinyi na Wajapani mlikuwa marafiki?"

Luteni alikamua soksi yake. Akasema ni kweli. Nchi mbili zile zilitia sahihi mkataba kabla yeye hajazaliwa, kila moja ikaahidi kuilinda nyingine. Katika vita vya kwanza manowari za Wajapani zilikwenda mbali na kwao kulinda meli za Waingereza. Baba yake alikuwa baharia, na nyumbani kwao kulikuwa na picha yake amesimama na baharia wa Kijapani, wamekumbatiana mabega.

"Sasa ikawaje?"

"Mkataba ulikwisha muda. Wakubwa hawakuurudisha."

Mhina akageuza soksi yake upande wa pili. "Kwa hiyo mlianza na urafiki mkaja kwenye vita. Sisi na huyu tulianza na vita. Na katika ule mkataba, bwana, mmoja akifa nani aliandikwa kwenda matangani kwake?"

Luteni akasema jambo hilo halikuandikwa.

"Basi ulikuwa karatasi tu," akasema Mhina, bila ubaya wowote.

Akanigeukia. Akasema yeye Wasambaa anawajua, ni waoga wa mvua ingawa wamezaliwa ndani yake, kwa hiyo akifa kwanza nisije nikakimbia. Nilale kaburini mwake nikatae kutoka mpaka nilipwe haki ya mtani, kama inavyofanywa kwao na kwetu. Nikifa kwanza, atalala kwangu. Tulicheka. Lakini alishika mkono wangu wakati akisema, na mkono hauchezi utani.

Kwetu maiti ambayo mtani hakuizuia kaburini ni kama imetupwa. Wanaweza kulia ndugu wote, haitoshi. Ndugu wanalia kwa sababu ni damu yao. Mtani ndiye shahidi wa nje kwamba aliyekufa alikuwa mtu, alikuwa na kwao, na alijulikana hata na waliokuwa maadui zake.

Siku ilipofika, tulikuwa tumeshika mgongo wa kilima. Wajapani walikuwa kilima cha pili.

Mhina alikwenda kijitoni kuchota maji.

Nilisikia mlio mmoja tu.

Nilipofika alikuwa amelala kifudifudi, debe bado lipo mkononi, maji yanamwagika polepole. Nikamgeuza. Macho yalikuwa wazi, na hakuwa na maumivu usoni. Nilimwita Mzigua mvivu. Hakujibu.

Tulimpandisha wanne. Sajini akasema azikwe upesi maana makombora yalikuwa yameanza kutafuta kilima chetu. Tukachimba shimo la magotini, udongo ukirudi ndani na maji. Mhina alikuwa Mwislamu. Tukakadiria kibla kwa kuangalia jua linakozama.

Kombora likaanguka nyuma yetu.

"Mtieni," akasema sajini.

Nikaruka shimoni nikalala.

Maji yalinifika masikioni. Sajini, mtu wa Nyanza asiyejua mambo ya kwetu, alidhani nimeshikwa na woga ninajificha. Akanishika mguu kunivuta. Nikang'ang'ania mizizi.

"Simtaki Mzigua huyu humu!" nikapiga kelele. "Alinilia kabichi! Haingii mpaka nilipwe!"

Luteni akaja mbio ameinama. Alidhani akili imeruka. Koplo wetu mmoja wa Korogwe, aliyemfunga Mhina shuka, akaanza kutikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka. Akasema, "Bwana, ni mtani wake. Usimtoe kwa nguvu, utatuharibia maziko. Mlipe."

Kombora jingine. Karibu zaidi.

Luteni angeweza kuamuru nitolewe. Wengi wangeamuru. Akanitazama pale topeni, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kopo lake la sigara, la mwisho alilokuwa nalo, akanishushia kifuani.

Nikatoka. Nikasema yale yanayopaswa kusemwa: Mzigua we, umeukimbia mkonge Mazinde mpaka Bama, jembe limekushinda, hata maji umeshindwa kuchota. Watu wa Tanga wakacheka kwa sauti huku machozi yanatoka. Tukamshusha, tukamfukia, tukakimbilia mahandaki. Hakuna aliyeumia. Mpaka leo sijui kwa nini.

Tulikichukua kilima cha pili baada ya siku kadhaa. Wajapani walioachwa pale walikuwa wembamba, vijana, mmoja amejifunga kiatu kwa kamba ya gome la mti. Luteni akaagiza wazikwe pamoja. Tulipowapanga alisimama juu ya shimo muda mrefu. Kisha akanitazama. Nilijua anachotaka kuniuliza.

"Hapana, bwana," nikasema. "Hawa si watani wangu. Hawa walikuwa wa kwenu."

Sikusema kwa ukali. Akavua kofia. Mvua ikamnyeshea nywele, na hakushuka kaburini. Mwishowe akaashiria kwa mkono, tukafukia. Nimemkumbuka mara nyingi kuliko ninavyowakumbuka majenerali waliotukagua. Nadhani angependa kushuka. Hakuna aliyekuwa amemfundisha.

Vita vilipokwisha sikupanda mlima kwanza. Nilikwenda Handeni kumtafuta mama yake Mhina. Nilimkuta anapepeta mtama. Serikali ilikuwa imemletea habari zamani, lakini hakuwa amefanya matanga. Nikasema shikamoo mama, nikamtajia jina langu na kwetu. Akaacha ungo.

"Wewe ndiye Msambaa wa kabichi?"

"Ni mimi, mama."

"Ulimzuilia kaburi?"

"Nilimzuilia. Walinilipa."

Nikampa lile kopo. Sigara zilikuwa zimeota ukungu, sikuvuta hata moja. Akalifungua, akalifunga, akaliweka mapajani.

"Basi mwanangu amezikwa," akasema. Ndipo akaanza kulia, na majirani wakaja, na matanga yakaanza siku ileile.

Nimekula chumvi nyingi tangu hapo. Kama kitabu cha ubatizo cha misheni hakikukosea, nimepita miaka mia. Mjukuu wangu ananiandikia haya kwa sababu mkono wangu haushiki kalamu. Yeye ndiye anayenisomea habari kwamba Mwingereza na Mjapani wamepatana tena, wanatia sahihi, wanaunda ndege pamoja. Nafurahi, kupatana ni kuzuri. Ila huwa namuuliza kama safari hii wameandika habari za matanga. Anasema hajaona.

Shule ya hapa jirani imeletewa mwalimu wa hesabu kutoka Japani, binti anayeitwa Yuki. Alipoambiwa nilipigana Bama alikuja, akasimama mlangoni, akasema "Shikamoo babu" kwa kuinama kupita kiasi. Kaka wa bibi yake alikufa huko. Nyumbani kwao lilirudi sanduku, na ndani hamkuwa na mfupa hata mmoja. Aliniuliza kama walizikwa.

Nilimwambia ukweli. Wale tuliowakuta walizikwa, na aliyewazika alivua kofia. Lakini hakuna aliyewazuilia kaburi. Ikabidi nimweleze maana yake, na habari za Mhina, na za kabichi. Sikumwona akilia, ila aliondoka bila kuaga, nikadhani nimemuumiza.

Wiki iliyofuata akarudi. Nilikuwa barazani na ungo wa peasi. Hakubisha hodi. Akachagua kubwa kuliko zote, akaing'ata.

"Kodi, babu," akasema. "Tulipigana."

Nilicheka mpaka mjukuu akatoka ndani kuangalia kuna nini. Kisha nikamlilia Mhina, kwa sauti, mzee mzima, mbele ya mgeni. Yuki hakusogea. Alimaliza peasi yake, akachukua nyingine.

Mkataba wake wa kufundisha unakwisha mwaka huu, na anarudi kwao. Nimemwambia nikifa aje alale kaburini mwangu, akatae kutoka mpaka alipwe. Amesema angependa, lakini Japani ni mbali sana.

Nimemjibu kwamba Bama nako kulikuwa mbali.