Njia ya Machela Kando ya Jengo la Mitambo

Mniwie radhi kwa mwandiko huu unaopanda na kushuka kama njia za milimani kwetu Kyarumba, na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la saba, na ukurasa mmoja hunichukua siku mbili. Lakini nina shukrani ambayo sikuweza kuitoa kwa mdomo, kwa kuwa nina haya.

Mwaka jana nilipata kazi ya kupanda nyasi katika hospitali moja upande wa Bwera. Walikuwa wanajenga jengo la mitambo: jenereta, mashine za kufulia mashuka, tanuru la kuchemshia maji. Majengo ya namna hiyo huwa mabati na kelele tu, na watu huyapa mgongo. Aliyelichora, mama mmoja kutoka Kasese mjini tuliyemwita Madamu, alitaka lizame ndani ya uwanja ambako watu wenye wagonjwa hupumzika na kuanika nguo. Kuta zilikuwa za mawe ya mtoni. Juu ya paa tuliweka udongo, nikapanda nyasi. Kutoka barabarani ungedhani ni kilima kidogo kilichokuwepo siku zote.

Nililipenda jengo lile, ila njia yake ilininyima raha. Madamu aliichora nyembamba, yenye kona kona, kati ya ukuta na miti. Hiyo ndiyo ingewapitisha wanaoshuka mlimani kwenda wodini. Kwetu mgonjwa hubebwa kwa machela ya miti miwili na kamba, mabegani mwa wanaume wanne, na wengine wanne hukimbia ubavuni ili wapokezane bila kusimama. Mimi pia nimebeba. Na huko mlimani dada yangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Mimba ya kwanza tulichelewa kumfikisha hospitali, mtoto akafa.

Kesho yake zege la njia lingemwagwa. Nikamwendea fundi aliyetusimamia.

"Fundi, mwambie Madamu machela haitapita."

"Mwambie wewe. Ama mudomo yako ni ya kula muhogo tu?"

Vibarua wakacheka. Nikachukua ngazi ya mbao, nikawaomba wenzangu watatu tuibebe mabegani, mfuko wa simenti katikati, tukaingia njiani mbio. Kwenye kona ya pili ngazi iligonga ukuta, na mwenzangu wa nyuma akaangukia nyasi zangu.

Madamu akaja haraka. "Mnacheza na simenti yangu?"

"Ni mgonjwa, Madamu," nilisema nikitazama viatu vyake.

"Mgonjwa gani?"

"Dada yangu."

"Jamani, bubu leo iko na dada wa simenti!" fundi akasema.

Madamu hakucheka. Aliuliza wabebaji huwa wangapi, na hupokezana bega lipi. Akatupitisha tena, mara tatu, yeye akitufuata na kamba ya kupimia. Kisha akaanza kung'oa kwa mikono yake vigingi vilivyoonyesha kingo za njia.

"Mimi nilipima mtu mmoja na mwavuli wake," alisema.

Njia ikanyooshwa na kupanuliwa. Miti mitatu tuliihamisha. Kingo za zege hazikujengwa, nyasi zikafika hadi kwenye mawe, ili anayekimbia ubavuni apate pa kukanyaga.

Hazikupita hata wiki tatu, nikiwa nanyunyizia maji, nikasikia, "Pokea! Pokea!" Walikuwa watu wa kilima chetu. Walipita mbio, wanne chini ya miti ya machela aliyolala dada yangu, wengine wakikanyaga nyasi zangu changa. Nikatupa ndoo, nikaingiza bega langu.

Mtoto ni wa kike, na analia kuliko jenereta. Pale palipokanyagwa sijapanda upya.

Madamu alimaliza kazi akaondoka kabla sijamwambia asante. Huenda yuko kati yenu mnaosoma. Basi niandikieni, yeye na ninyi nyote: kwenu mgonjwa hubebwaje, na njia ya hospitali yenu inatosha mabega mangapi? Mwandiko mbaya si kitu. Nitasoma polepole, na nitajibu.