Mwiko wa Shoto

Kila fundi pale kwenye jengo alijua kwamba mwiko wa Shoto haushikwi na mtu mwingine. Si uchoyo. Mwanamke yule alikuwa amepiga plasta kwa mkono wa kushoto tangu usichana wake, hata chuma kikalika upande mmoja kama mwezi unaopungua, na kwenye mpini dole gumba likajichimbia kijibonde. Aliyeuazima aliharibu ukuta, na Shoto ndiye aliyeurudia.

Asubuhi ile, nyumbani, alipapasa nyuma ya mlango, akakuta mwiko mpya unang'aa. Mumewe akajikuna kichwa, akaeleza kwamba mdogo wake, yule mchoraji, alipita jana akaomba wabadilishane, autumie kwenye maonyesho yake. Alidhani shemeji yake angefurahi kupata mpya.

Hakufurahi. Kufikia saa nne ukuta wake wa ngazini ulikuwa na mawimbi. Msimamizi alipitisha kidole, akamwambia kwamba mwenye jengo anakuja alasiri, na kama kazi ndiyo hii, kesho asijisumbue kuja. Shoto aliutupa mwiko mpya kwenye karai, akatoka na vumbi lake mpaka ukumbi wa maonyesho.

Aliukuta wa kwake umetundikwa juu ya kitambaa cheupe, taa inaumulika peke yake. Watu waliovaa vizuri walikuwa wameuzunguka. Mama mmoja alisema polepole kwamba kazi ina uzuri wake. Uzuri! Kazi wameitenga na mwenye kazi, kisha wanaisifu mbele yake bila hata kumpisha apite.

Akawapenya, akauchomoa ukutani. Watu wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya maonyesho.

Mchoraji akaja mbio, akamnong'oneza: "Shemeji, hapa nimekuheshimu. Nataka watu waone jasho lako."

"Jasho langu umelipaka vanishi," alisema Shoto, maana mpini ulikuwa ukimteleza kiganjani. "Na leo nafukuzwa kazi kwa heshima yako."

Kule kwenye jengo aliusugua mpini kwa mchanga mbichi, akinung'unika peke yake, mpaka dole gumba likarudi kwenye kijibonde chake. Akaikwangua plasta yote ya asubuhi, akaanza upya, hasira yote ikiishia ukutani. Msimamizi alipopitisha kidole tena hakusema kitu, na kwa mtu yule, kunyamaza ndiko kusifu.

Jioni mchoraji alikuja, akakaa juu ya mfuko wa saruji kama mtoto aliyekosa. Akaomba mwiko hadi Jumapili tu. Watu wanauulizia, alisema, na ukutani pamebaki tundu la msumari.

Shoto aliuokota ule mpya karaini, akaupangusa kwa kanga yake, akamkabidhi, kisha akamwonyesha ukuta wa pili uliokuwa bado matofali matupu.

"Anzia pale," alisema. "Ukilika kama wangu, utundike."