Aliyeshika Tela ya Masalu

Haya sikusimuliwa na mtu kilabuni. Niliyaona mwenyewe, jua likiwa bado juu, nikiwa na akili zangu timamu na sijanywa kitu. Ukitaka kucheka, cheka sasa, kisha unisikilize.

Mimi ni mtu wa kuzunguka. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo nimeshakuwa mchota maji, mpakia samaki kule Lamadi, msaidizi wa fundi gereji, kila kazi kidogo kidogo. Siwezi kukaa mahali kama sijui kitu fulani kinafanyaje kazi, na nikishajua siwezi kuendelea kukaa. Ndivyo nilivyofika Kasoli msimu wa pamba, nikawa utingo wa trekta la mtu mmoja anaitwa Masalu. Tulikuwa tunachukua pamba kwenye magulio ya vijijini, tunaijaza kwenye tela hadi inakuwa kama kilima cheupe, tunaipeleka kiwandani Bariadi.

Siku ya kwanza tu niliinama kutazama pale tela inaposhikana na trekta. Ni tabia yangu. Nikaona mkono wa tela umeingia mahali pake, lakini badala ya pini kuna kipande cha nondo kilichokunjwa kichwa. Pembeni kuna matundu mawili ya mnyororo, hayana mnyororo. Na kuna kijitundu cha waya, hakina waya.

Kwa asiyejua, nieleze. Tela haitakiwi kushikwa na pini peke yake. Kunatakiwa mnyororo unaopitishwa chini ya mkono wake, ili pini ikichomoka, tela ibaki inaning'inia na isiondoke. Tena kuna waya mwembamba wa chuma unaotoka kwenye trekta hadi kwenye breki ya tela. Tela ikikatika kabisa, ule waya unavutwa, breki inakaba yenyewe. Nilifundishwa gereji, na nilipofundishwa nilifurahi siku nzima, kwamba kuna mtu alikaa akafikiria hata siku ambayo kila kitu kimeachia.

"Dereva, mnyororo uko wapi?" nikauliza.

"Kwa mkwe," Masalu akasema.

"Unafanya nini kwa mkwe?"

"Ulienda kulima."

Huku kwetu nadhani unaelewa. Mvua zikianza, kila mtu anatafuta mnyororo wa kuunganisha plau na nira ya ng'ombe. Baba mkwe wake, mzee Nkwabi, wa kwake ulikatika. Masalu akafungua wa tela akapeleka. Kilimo kikaisha, pamba ikaota, ikavunwa, na mnyororo bado uko kule, unamfungia mzee dume lake la ng'ombe.

"Kauombe," nikasema.

Akaniangalia kama nimevua nguo barabarani. "Wewe umeoa?"

"Hapana."

"Basi nyamaza. Mtu hamdai mkwe wake."

"Nunua mwingine."

"Nikinunua mwingine nitakuwa namsuta. Kesho kijiji kizima kitasema Masalu kanunua mnyororo, wa kwanza alinyang'anywa na mkwe. Msimu ukiisha tutaona."

Na ule waya? Ule ulikuwa nyumbani kwake, umetandazwa kati ya miti miwili, mkewe Limi anaanikia nguo.

Sasa ndiyo tunafika. Ilikuwa safari ya kurudi na mzigo, alasiri, vumbi jekundu limetanda. Mimi nilikuwa nimekaa mbele kabisa juu ya pamba, miguu naning'iniza. Nikatazama chini, nikaona mtu amekaa kwenye mkono wa tela, katikati ya trekta na tela, mahali ambapo hata kichaa hakai. Mtu mzima, shati la kijivu. Mkono mmoja ameshika tela, mwingine ameshika trekta.

Nilidhani kadandia lifti. Nikamsalimia kwa heshima, kwa Kisukuma, "Mwadila, baba."

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu. Lakini utaanguka, panda huku juu."

Akasema, bila kuinua uso, "Nikipanda, nani atashika?"

Nilicheka, niamini. Halafu nikaona jambo. Mimi nilikuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi vidole. Yeye, aliye chini kabisa pale vumbi linapotoka, shati lake lilikuwa safi. Nikapiga bodi la tela kwa kiganja, Masalu akasimama. Nikashuka. Hakuna mtu. Masalu akashuka naye, akatazama, akasema, "Jua limekupiga. Kunywa maji."

Nilimwona tena safari iliyofuata, na nyingine. Kwa nini sikukimbia? Najiuliza mpaka leo. Nilitaka kujua. Siku moja nikalala kifudifudi juu ya pamba, nikamuuliza, "Baba, wewe ni wa wapi?"

"Nilikuwa utingo kama wewe," akasema. "Tela iliachia kwenye mlima, nikaizuia kwa mwili. Tangu siku hiyo nashika. Zisizo na mnyororo zote nashika. Ni nyingi."

"Na hii?"

"Hii nimechoka nayo. Wewe unaniona, basi tafuta mnyororo. Usipopatikana, atanipokea mtu."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mlinzi anayengoja mwenzake wa zamu. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Angepiga kelele ningesema ni ndoto.

Nikaenda kwa Limi kwanza. Limi alikuwa mwanamke mcheshi, mwenye kunitania kwamba nina miguu ya swala, silali mahali pamoja. Nikamwambia nataka waya wa nguo. Hakuuliza mara mbili. Akatoa nguo zikiwa mbichi, akazitupa juu ya majani, akaufungua mwenyewe. "Chukua, shemeji. Mimi mume wangu nampenda kuliko kanga zangu." Nikaufunga. Nikavuta kujaribu. Breki ya tela ilikuwa imekufa zamani, kutu tupu. Waya ulikuwa unavuta maiti.

Ukabaki mnyororo. Nikaenda kwa mzee Nkwabi mwenyewe. Mimi ni mpita njia, sina mkwe, nikajiona naweza. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda uani, dume limesimama nyuma yake limefungwa kwa mnyororo ule ule, mzito, viungo vinang'aa kwa kusuguliwa na shingo. Nikapiga goti, nikasalimia, nikaeleza hatari ya tela.

Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Mkwe wangu kakutuma?"

"Hapana, mzee."

"Kama kakutuma, kanitukana. Kama hakukutuma, wewe ni mwizi. Chagua moja."

"Mzee, mimi naogopea watu tu."

"Watu gani? Nani amekuambia tela itaachia?"

Ningemjibu nini? Kwamba nimeambiwa na mtu anayekaa kwenye mkono wa tela? Akasema kwa upole kabisa, "Masalu akija mwenyewe, hata leo, nampa na ng'ombe wa kusindikiza. Mwambie aje."

Nikamwambia Masalu. Akakasirika. "Umeenda kunidaia? Sasa ndiyo siwezi kabisa kukanyaga pale." Unaona? Kila mmoja alikuwa tayari kutoa, na hakuna aliyeweza kuwa wa kwanza kufungua mdomo. Nami, kwa kwenda kule, niliufunga mlango vizuri zaidi.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya kubeba pamba ya mzee Nkwabi mwenyewe. Limi akaja kuisindikiza kiwandani kwa niaba ya baba yake. Nikamsihi akae kwenye madigadi ya trekta karibu na mumewe.

"Pale panatikisa, shemeji. Huku ni godoro."

"Limi, nakuomba."

"Hebu acha uchawi wako," akasema, akapanda juu, akalala chali, akajifunika uso kwa kanga. Nami nikapanda, nikakaa mbele, nikimwangalia yule mtu. Alikuwa pale. Vidole vyake vilikuwa vinafunguka kimoja kimoja.

Tukavuka kijito, tukaanza kupanda upande wa pili. Yule mtu akainua uso. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona, na ulikuwa uso wa mtu tu, umekonda, una ndevu za siku chache. Hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yangu, kule Limi alikolala. Akaachia. Akashuka kando ya barabara taratibu, akanyoosha mgongo, akaondoka kwa miguu kupitia mashambani, hakugeuka.

Nondo iliruka kama njiti. Mkono wa tela ukapiga chini, ukaburuza, tela ikaanza kurudi nyuma. Nilipiga ukelele wa jina la Limi na kuruka. Waya wa nguo ulikatika kwa mlio mdogo sana. Tela ikafika kwenye karavati, ikapinduka.

Masalu alikuja kuniambia baadaye kwamba alihisi trekta limekuwa jepesi akafurahi, akajua mlima umeisha. Alienda mbele kabisa akiimba.

Tulifukua pamba kwa mikono, mimi na wachunga ng'ombe waliokuwa karibu. Hujui pamba ni nzito kiasi gani mpaka uifukue ukimtafuta mtu. Tulipomfikia hakuwa na hata mchubuko. Alikuwa amefunikwa tu, nyuzi nyeupe zimejaa kinywani.

Siku ya mazishi mzee Nkwabi alikuja na mnyororo begani. Akauweka mbele ya miguu ya mkwe wake, akaenda kukaa peke yake nyuma ya nyumba. Masalu aliufunga kwenye tela wiki ile ile. Akaleta fundi, breki ikafufuliwa, waya mpya ukawekwa, na pini halisi. Ikawa tela salama kuliko zote wilayani.

Mimi nikaondoka. Nikapata kazi Lalago kwenye tela ya mtu mwingine, ya kubeba ng'ombe, haina mnyororo. Safari ya kwanza, nikatazama chini. Limi alikuwa amekaa pale, kanga ile ile, mkono mmoja huku, mwingine kule. Nikamwita. Alinitazama kama mtu aliyebeba ndoo kichwani anavyokutazama, hawezi kugeuza shingo. Tangu hapo nimemwona kwenye tela nyingi: za kuni, za matofali, za maji. Zisizo na mnyororo tu.

Nikarudi Kasoli kumwambia Masalu. Nilidhani mtu ana haki ya kujua mke wake yuko wapi. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe cha uji, uji ukapoa.

"Na kwangu?" akauliza. "Kwenye ya kwangu umemwona?"

"Kwako hayupo. Kwako kuna mnyororo."

Asubuhi nilipoamka nilimkuta amelala chali chini ya mkono wa tela na spana. Alikuwa ameshafungua mnyororo, ameshatoa waya, na sasa anagonga pini itoke. Nondo ilikuwa imelala pembeni kwenye majani, tayari.

"Masalu, utaua watu."

"Atashika yeye," akasema. "Usinizuie. Njoo unitazamie kama amekuja."

Sikutazama. Nilichukua mfuko wangu nikatembea hadi barabara kubwa, na sijarudi.

Yeye bado anabeba pamba. Wanaotoka kule wananiambia kwamba siku hizi anaendesha akigeuka nyuma kila mara, anaongea na mkono wa tela, na kwenye vilima anaenda kasi. Kwa hiyo wewe unayetumia njia ya Kasoli kwenda Bariadi, ukikuta trekta la bluu lenye tela iliyojaa, usidandie, usipande baiskeli nyuma yake, na usimwache mtoto asimame kando ya kilima linapopita. Limi anashika kwa ajili ya wote, lakini na yeye ni mtu, na yule wa kwanza alichoka.