Boriti ya Kanisa la Nsemulwa

Manyanda bwana, kutulia hakujui. Alitoka Shinyanga na ng'ombe wa baba yake, wakafikia Kasansa, na kabla mifugo haijazoea malisho yeye keshaichoka. Akaingia Mpanda mjini kujifunza kuchomelea vyuma. Hata ugali alikula amesimama. Mkewe Specioza akimwambia, "Baba Hana, kaa basi, kiti hakiumi," anacheka tu, tonge mkononi, huyoo anarudi kazini.

Vyuma chakavu ndivyo vilivyomlisha. Malori yaliyokufa porini, mabomba ya mgodi wa zamani, vyote alivikata, akavinyoosha, akaviunga kuwa boriti za kubebea mapaa. Nusu ya maduka ya sokoni yalisimama juu ya vitu ambavyo wengine walivipita wakiviona takataka!

Mwaka tisini na sita waumini wa Nsemulwa wakataka boriti moja ndefu ya kanisa lao jipya. Fremu ya lori haikufika urefu huo, ikabidi aunge vipande viwili. Hapo ndipo alipoharibu. Aliunga katikati kabisa, ili vilingane vipendeze macho, na katikati ndipo boriti inapoelemewa kuliko kwingine kote. Tena umeme wa mji siku hizo ulikuwa wa kuvizia, akachomelea mbiombio usije ukakatika. Kazi ilipopoa, kile kiungo kikamnyima raha. Akakisugua, akakipaka rangi, akakigongagonga kwa nyundo. Hakumwambia mtu.

Sasa, fundi huyu alikuwa na desturi yake. Boriti kabla ya kupandishwa hulazwa juu ya magogo mawili, ncha hapa na ncha kule, na wa kwanza kuikalia ni familia yake mwenyewe. Watu waliipenda sana desturi hiyo, na ndiyo iliyomletea wateja.

Jumapili baada ya ibada, Specioza akapanda akakaa katikati, amempakata binti yao Hana. Manyanda akakaa kando yao, akainuka, akazunguka, akachuchumaa kuchungulia chini.

"Fundi, vipi, unawashwa?" akamtania Aloyce, katekista, mwalimu wao wa dini.

"Hamna kitu, mwalimu."

Boriti haikutikisika. Vigelegele! Aloyce akasema inatosha, vijana waibebe. Lo, Manyanda angenyamaza tu! Nani angemuuliza? Lakini akashindwa.

"Bado," akasema. "Mama Hana, shukeni. Waje wanaume, wajazane."

Wakajazana wakisukumana kwa vicheko, wanene wakaitwa kwa majina. Mara, ta! Rangi ikapasuka, kiungo kikaachia, boriti ikajikunja katikati na wanaume wote chini. Suruali ya mmoja ilinaswa ikachanika hadi gotini. Mungu saidia, hakuumia mtu.

Aloyce akajipangusa vumbi, akamshika fundi mkono kwa nguvu. "Ahsante, ndugu yangu. Ingetuangukia vichwani ile."

Watu wakaanza kumsifu kwa uaminifu wake. Specioza peke yake hakusifu. Alimsogelea mumewe.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa na wasiwasi tu."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoichomelea."

Specioza alikitazama kile chuma kilichochongoka pale walipokuwa wamekaa.

"Na mtoto ukaacha nimpakate pale."

Specioza akavua kitenge chake cha juu, akambeba Hana mgongoni, mtoto mkubwa wa kutembea mwenyewe, akamfunga kwa nguvu, akaondoka naye.