Rafiki wa Simu Aliyeomba Jembe

Kuna siku moja ambayo haijanitoka kichwani hadi leo, mjukuu wangu Naomi, na nataka nawe uijue kabla hujamjibu yule rafiki yako wa Bukavu.

Nilikuwa kijana siku ile. Usicheke. Mvi zilikuwa zimeshaingia, na kazi ya kufundisha nilikuwa nimeshaiacha, lakini kwenye mambo ya simu nilikuwa kijana mbichi kabisa, wa kuwaomba watoto wa jirani wanionyeshe pa kubonyeza. Ujana wangu wa kwanza ulipita Mulungwishi shuleni. Wa pili niliupata kwenye WhatsApp, na huo wa pili ndio nitakaokusimulia.

Jana ulinipigia ukaniambia kwamba rafiki yako huyo, ambaye mmesoma naye riwaya za zamani tangu mwaka juzi, anataka kuja Likasi wakati wa likizo. Kaka zako wanakucheka, na wananong'ona juu ya watu wa upande ule. Wanasema rafiki wa simu si rafiki, na wewe umeanza kumjibu kwa neno moja moja ili achoke mwenyewe. Nimelifikiria jambo hilo tangu jana na sijalipenda hata kidogo. Ningekuambia pale pale kwenye simu, lakini ukikasirika huwa unakata, kama baba yako.

Sasa sikiliza.

Tulikuwa na grupu letu la wasomaji. Watu wa Lubumbashi, wa Kalemie, wa Kigoma, mmoja wa Mombasa aliyependa kutusahihisha Kiswahili. Wote tulipenda riwaya za watu wa kale: wafalme, misafara, watu walioyeyusha shaba kwenye vichuguu kabla reli haijafika. Mwenye kitabu alisoma sura kwa sauti akaituma, na sisi tukasikiliza huku tunachambua mboga. Halafu ubishi ulianza, na ubishi wetu ulikuwa mtamu kuliko sura yenyewe.

Humo ndimo nilimpata Béa. Alikuwa anakaa Mwene-Ditu, kule Kasai, mjane, mdogo kwangu kiumri. Kila sura ikiisha, wengine wakisifia vita na mapenzi, yeye aliuliza swali lile lile: "Lakini walikula nini?" Mwandishi anawatembeza watu msituni wiki nzima bila kuwapa hata muhogo, Béa anakasirika kweli kweli. Nilicheka hadi mama mkwe wangu akatoka chumbani kuja kuuliza kuna nini. Kuanzia hapo tukawa tunaandikiana pembeni, mimi na Béa. Wanangu walipooa na kuolewa aliwajua kwa majina. Nilipougua mgongo alinitumia sauti yake akiniombea kila asubuhi, na mimi nilimjua anavyofurahi na anavyokasirika, nikajua hata anavyokohoa. Huyo alikuwa rafiki yangu, na sioni neno jingine la kumwita.

Ndipo grupu likachagua riwaya ya watu waliofukuzwa kutoka mji wao, wakalala kwenye kituo cha treni wakingoja behewa. Mji haukutajwa, lakini sisi wa Likasi tuliujua. Wewe ulikuwa hujazaliwa wakati watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa hapa, watu ambao baba zao waliletwa kuchimba shaba na watoto wao wakazaliwa hapa hapa. Walilala pale gare, kituo cha treni, na vyombo vyao na wagonjwa wao. Mimi nilililia kitabu kile, mwanangu, nililia kwa machozi, nikawaandikia wenzangu kwamba sijawahi kusoma kitu kizuri namna hiyo.

Béa hakuuliza walikula nini. Alinyamaza siku nyingi. Halafu akaniandikia mimi peke yangu: "Rafiki, mimi nililala pale. Nilikuwa msichana. Baba yangu alikufa kabla ya treni kufika, tukamzika Likasi haraka haraka, tukaondoka. Kila mwaka, Siku ya Wazazi, watu huku wanachukua majembe wanaenda kusafisha makaburi ya wazazi wao. Mimi nabaki nyumbani nafunga mlango. Nataka nije mara moja kabla sijazeeka kabisa. Utanipokea?"

Unaijua Siku ya Wazazi, tarehe moja ya mwezi wa nane. Asubuhi ni ya waliolala makaburini, mchana ni wa walio hai. Mtu asiye na kaburi la kusafisha asubuhi ile anajiona kama hakuzaliwa na mtu. Béa alikuwa ameishi hivyo karibu maisha yake yote, na alikuwa ananiomba mimi.

Nilipeleka habari kwenye familia. Mume wangu alisema nifanye ninavyoona. Lakini mdogo wake Patrice, ambaye tulikuwa tunaishi naye katika lupango moja, ndani ya ua mmoja, alikataa kabisa. Patrice ni mtu mwema, ila siku ile hofu ilimzidi.

"Huyu hatafuti kaburi," alisema. "Huyu anatafuta nyumba."

Hapo ndipo penyewe, Naomi. Nyumba ile ambamo baba yako alikulia, tuliinunua kwa watu waliokuwa wanaondoka. Wengi katika mtaa wetu walinunua hivyo, kwa bei ya mtu mwenye haraka. Tangu hapo, kila akija mgeni kutoka Kasai na kusimama barabarani kutazama paa, watu wanafunga milango. Mtu wa nje hawezi kuielewa hofu hiyo. Sisi tunaijua vizuri, na hatuizungumzi.

Nami nikaanza kuogopa. Nyumba ya Béa ilikuwa mtaa gani? Sikuwahi kumuuliza. Labda ni hii. Nilishika simu nikaanza kumwandikia kwamba mwaka huu ni mgumu, tuna ugonjwa nyumbani, labda mwaka ujao. Nilikuwa najitungia ugonjwa.

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa pale, anachambua matembele. Alikuwa mzee sana. Aliweka majani chini.

"Patrice, unaogopa nini weye?" alisema. "Ule muntu anaomba kaburi ya baba yake, weye unasikia nyumba. Hakuna muntu amesema nyumba hapa. Ni roho yako njo inasema."

Patrice akafungua mdomo. Mama akamwinulia kidole tu.

"Ile siku tulinunua, mama mwenye nyumba alikuwa analia wakati ananipatia funguo. Minye nilipokea. Sikumuulizaka hata jina yake. Mupaka leo nikifungua ule mulango, ninamuona."

Halafu akanigeukia mimi, na mpaka leo naona haya nikikumbuka macho yake. "Na weye, mwalimu. Juzi ulikuwa unalilia bantu ba mu kitabu. Huyu iko na baba yake hapa, mu bulongo ya Likasi. Huyu njo anakushinda?"

Nilifuta yote niliyokuwa nimeandika, nikaandika: "Njoo. Nitakupokea kituoni." Nilituma mbele ya Patrice, ili nisije nikageuka.

Usifikiri nilifunga macho. Nilimpigia Béa simu ya picha, nikaona uso wake na watoto wake, akanipa mchungaji wake nikazungumza naye. Mwanamke mwenye akili hamkaribishi mtu asiyemjua uso. Lakini nikishaamua huwa sirudi nyuma, na watu wa lupango wanalijua hilo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kaburi. Béa alikumbuka tu kwamba mama yake aliikandika birika ya baba yake kwenye saruji, kichwani pa kaburi, kama tunavyowawekea marehemu vyombo vyao. Makaburi ya zamani yamejaa majani, na birika zimejaa vilevile. Nikawauliza wenzangu wa grupu. Waliacha riwaya wakamgeukia Béa, wakamuuliza kama wanavyouliza habari za kitabu. Ukisimama kaburini, treni ulikuwa unaisikia au unaiona? Jua la jioni lilikuwa linakupiga wapi? Njia ya kutoka ilikuwa inapanda au inashuka? Yule wa Mombasa, msahihishaji wetu, ndiye aliyeuliza kama birika ilikuwa na mdomo mrefu. Béa akakumbuka: mdomo ulikatika njiani, wakaikandika bila mdomo.

Nilienda makaburini na kurudi, na nyoka niliwaona, na viatu viliisha. Nilipita kila safu ya upande wa reli. Patrice alikuwa ananiona nikirudi na vumbi hadi magotini, haulizi kitu. Birika niliipata nikiwa nimeshaanza kukata tamaa, imeng'oka kwenye saruji, imelala ubavu chini ya majani, haina mdomo. Nilipiga picha nikamtumia Béa. Hakunijibu siku ile. Kesho yake alinitumia picha ya tiketi ya treni.

Treni ilichelewa, kama tabia yake. Nilienda gare, nikarudi nyumbani, nikaenda tena, mpaka wauza maandazi wakanizoea. Ilipofika, Béa alishuka na kifurushi chake akasimama pale pale, watu wanampita huku na huku. Alikuwa mfupi kuliko nilivyofikiri. Nilimwita kwa jina, akageuka kwa ile sauti tu, kwa sababu sauti yangu aliijua. Tulishikana, tukalia wote wawili, sikuona aibu. Alikuwa amesimama mahali pale walipomlaza baba yake.

Nyumbani tulimwandalia bukari, ugali wetu, na samaki wa Kapolowe. Mama mkwe alikaa karibu naye. Patrice alikaa karibu na mlango, uso umekaza. Béa alikuwa anakula huku anatazama kuta, anatazama dari, kama mgeni yeyote anavyotazama, na nikamwona Patrice anaacha kutafuna.

Tulipokuwa tunanawa mikono, Béa akasema, "Shemeji Patrice, niko na kitu moja ya kuomba mu hii nyumba."

Nilimsikia mama mkwe anavuta pumzi.

"Jembe," alisema Béa. "Ya kesho asubuhi. Nimekuja na treni, sikuweza kubeba jembe."

Patrice alibaki amemtazama. Halafu alisimama akatoka nje. Tukasikia tupa inalia juu ya chuma, kwa muda mrefu. Alikuwa analinoa jembe lake mwenyewe.

Asubuhi ya Siku ya Wazazi alitutangulia njiani na jembe begani. Alifyeka njia, halafu kaburini akampa Béa jembe, akakaa pembeni, kwa sababu kazi hiyo ilikuwa ya binti. Béa alilima taratibu, akafagia, akaisimamisha birika. Alimsalimu baba yake kwa jina, akamtajia wajukuu mmoja mmoja. Kisha akamwambia, "Baba, sasa usifikiri tulikusahau." Patrice alikuwa ametazama upande wa reli. Alikuwa analia na hakutaka tumwone.

Mchana, tukirudi kupitia sokoni, nilishindwa kujizuia. Nilimuuliza kama hakutaka kuiona nyumba yao ya zamani.

"Niliiona jana," alisema. "Tulipita pale tukitoka gare, mimi na wewe. Watu wake walikuwa wanaanika nguo. Niliwasalimia, wakaniitikia vizuri."

Nilikumbuka. Nilikuwa naye, nimembebea kifurushi, na sikuona kitu.

Basi, mwanangu, nikuambie wazi ili usije ukasema sikukuambia. Kaka zako wanasema rafiki wa simu si rafiki. Waambie bibi yao amekataa. Simu inakuonyesha mtu kidogo tu, hilo ni kweli, kwa hiyo omba kuuona uso wake, zungumza na watu wake, mjue mama yake, usikutane naye mahali pa kificho. Fanya hayo yote. Lakini ukishayafanya, usimkimbie kwa sababu anatoka upande ambao watu wenu wanaunong'ona. Jiulize unaogopa nini hasa. Mara nyingi utakuta mgeni hakuhusika kabisa, jambo ni la kwenu, na lilikuwepo kabla hajabisha hodi. Na kama unaweza kuwalilia watu wa riwaya ukashindwa kumpikia chakula mtu aliye hai, basi hujasoma kitu. Mwandikie leo. Mwandikie maneno mengi. Mwambie aje, na chumba changu cha nyuma kiko tayari, nitamlaza mimi.

Béa hawezi kuja kila mwaka. Reli ni mbaya na magoti yake ni kama yangu. Mama mkwe wangu alishalala, na Patrice, tangu siku ile, kila tarehe moja ya mwezi wa nane alisafisha makaburi mawili, la mama yake na la baba yake Béa, kisha akapiga picha ya birika akamtumia. Mwaka huu mgongo wake umekataa. Aliniita juzi akanikabidhi jembe, limenolewa tayari, akaniuliza ni nani atalishika baada yake. Nilimtajia jina lako. Njoo na rafiki yako, mwende wote wawili.

Mungu akupe mlango usiokuogopesha, mwanangu, na wageni wanaoingia kwako watoke wakiwa ndugu. Akupe masikio ya kusikia mtu anaomba nini. Na siku wewe nawe utakapolala mbali na watoto wako, usikose mtu wa mji ule wa kukufagilia kaburi.