Petronilla Amoit na Chui wa Baiskeli

Waliokuja matangani wanasema, huku wameshika vikombe vya chai kwa mikono miwili, kwamba marehemu Petronilla Amoit alikuwa mama mpole. Mungu awasamehe. Hao walimjua meno yakiwa yamekwisha. Amoit wa Angurai, aliyeolewa Busia akiwa bado na udongo wa shamba kwenye kucha, alikuwa na ulimi wa kunyolea ndevu. Alisali rozari yake kila asubuhi, na akishaubusu msalaba wake alimgeukia yeyote aliyekuwa karibu akamwambia kile alichostahili kusikia.

Mumewe alikuwa Olinga. Miaka ile ya sabini, kazi ya Olinga ilikuwa kuvusha watu mpakani kwa baiskeli, kutoka forodha ya huku hadi forodha ya Uganda, maana kati ya malango hayo mawili palikuwa na mwendo ambao mwenye mzigo hakuutaka. Aliwabeba akina mama wa Uganda waliokuja kutafuta chumvi na sabuni, akawarudisha na vifurushi vyao. Alikuwa na miguu iliyokaza kama michi ya kutwangia. Jioni alinawa, akaketi, akabomoa kilima cha ugali wa wimbi na muhogo, ule ambao Wateso huuita atapa, bila kusema neno mpaka sahani ing'ae. Amoit hakuhitaji asante nyingine.

Kisha akaja Dalmas.

Dalmas alikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja upande wa Butula. Alivaa kaptura iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe, na filimbi ilimning'inia shingoni hata kanisani. Baiskeli yake aliisukuma zaidi ya kuipanda. Lakini alikuwa amehudhuria kozi fulani Nairobi, akarudi na imani mpya kama mtu aliyeokoka jana na anatafuta wa kumhubiria. Sikukuu ya Oktoba ilikaribia, na palitangazwa mbio za baiskeli kutoka Busia hadi Malaba na kurudi. Dalmas akamchagua Olinga awe ushahidi wake.

Imani yenyewe ilikuwa hivi: unga ni mzigo. Ugali, muhogo, viazi vitamu, ndizi, uji, sukari ya chai, vyote hivyo huujaza mwili usingizi. Mtu akiviacha kwa majuma kadhaa, akala nyama, samaki, mayai na mboga za majani, mwili utajifunza kuchoma mafuta yake wenyewe, na mafuta hayaishi upesi kama unga. Ataendesha kutwa nzima asichoke. Hayo Dalmas aliyaeleza nyumbani kwa Olinga, akiwa amekalia kiti pekee chenye mgongo.

"Chui anakimbia, ng'ombe anatembea," alisema. "Sasa chui anakula nini, mama? Umewahi kuona chui akisonga ugali?"

"Sijamwona, mwalimu," Amoit akajibu. "Na wewe umewahi kumwona akiendesha baiskeli?"

Olinga hakucheka. Hapo ndipo Amoit alipojua kwamba mumewe amekwisha kubatizwa.

Jioni hiyo Olinga alikula samaki akauacha ugali. Kesho yake vivyo hivyo. Kwa mtu wa mbali hilo ni jambo dogo, lakini kwetu si dogo. Mume akiuacha ugali wa mkewe siku moja, ni homa. Siku ya pili majirani huuliza amekula kwa nani. Akizidi kuuacha, basi ametamka moja kati ya mambo mawili bila kufungua mdomo: ana jiko jingine, au anaogopa kilichotiwa ndani. Na mke naye hana ruhusa ya kuacha kusonga, maana mke asiyemsongea mumewe amejitaliki mwenyewe. Kwa hiyo kila jioni Amoit alisonga, japo kidogo kuliko zamani, akatenga, akaondoa, akawapa watoto, na makombo akawamwagia kuku. Kuku nao walizidi kupungua, kwa sababu chui alikuwa akiwala.

Alimsihi Olinga aende kwa watu wake awaeleze. Olinga akajibu kwamba mwanamume haendi kueleza tumbo lake kwa watu. Mwanamume huyo huyo alikuwa akimweleza Dalmas kila siku amekwenda choo mara ngapi.

Kwenye mashine ya kusaga unga alikuwapo Nasimiyu, jirani ambaye macho yake yalikaa zaidi katika sufuria za wenzake kuliko katika yake.

"Dada Amoit, siku hizi unga wenu unadumu," alisema. "Baba watoto amesafiri?"

"Hajasafiri. Amekuwa chui."

Ulikuwa mzaha tu, na Amoit aliujutia baadaye, kwani mzaha ni chakula kibaya kumpa mtu asiye na meno ya kuutafuna. Nasimiyu aliondoka nao, na kabla jua halijatua ulikuwa umezunguka mtaa ukarudi na pembe: mke wa Olinga amempa mumewe dawa, sasa hali tena chakula cha binadamu.

Olinga mwenyewe aliwasaidia wasemaji. Alipomaliza kuvusha watu alipanda baiskeli hadi Malaba na kurudi, akifika nyumbani magoti yanatetemeka. Dalmas alisema huo ni mwili unajifunza. Mdomo wa Olinga ulianza kunuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi, naye ndizi hakugusa. Akawa mkali bila sababu. Asubuhi moja pale mpakani alimwangusha mtaroni mama mmoja wa Uganda pamoja na mkungu wake wa matoke, kisha akamgombeza yeye kwa kuwa mzito. Haki isemwe: baada ya majuma machache magoti yalitulia, na kwa mwendo wa polepole aliweza kwenda mbali bila kutia kitu tumboni. Dalmas alitembea mjini kifua mbele kana kwamba yeye ndiye aliyekanyaga pedali.

Ndipo neno likaja kutoka kwa Osukuku, mdogo wa marehemu babake Olinga, ambaye ndiye aliyeketi juu ya kesi zote za ukoo, zikiwamo ambazo hakuna aliyemletea. Jumapili baada ya mbio, wazee watakaa. Amoit atasonga ugali mbele ya watu. Yeye mwenyewe ataonja kwanza, kama anavyoonja mpishi anayeshukiwa kutia sumu, kisha Olinga ale. Olinga asipokula, mke atarudishwa Angurai, na watoto watabaki.

Kurudi Angurai hakukumtisha Amoit. Kilichomkosesha usingizi ni watoto wake watatu kulelewa na watu watakaowaambia kwamba mama yao ni mchawi.

Siku ya mbio hakwenda kutazama. Alisema ameona wanaume wakikimbia bure tangu azaliwe. Habari zilimfikia kwa midomo ya wengine. Olinga alikwenda vizuri hadi Malaba, akageuka pamoja na wa mbele. Lakini njiani kurudi, vijana waliokunywa uji asubuhi wakaanza kutupiana changamoto, na kwenye mwinuko wa kabla ya Chakol wakachomoka. Olinga akasimama juu ya pedali awafuate. Miguu ikakataa. Haikuuma, ilikataa tu, kama punda. Alishuka, akaisukuma baiskeli hadi sokoni Chakol, akaketi chini kando ya barabara, uso umekuwa wa majivu. Mama mmoja aliyeuza muhogo wa kuchemsha akamwonea huruma, akampa kipande. Akala. Akaomba kingine. Alikula muhogo wa watu kama aliyetoka jela, na soko lote likasimama kumtazama. Lori la waamuzi likapita, Dalmas akiwa ndani na filimbi yake. Aliangalia upande wa pili, kwenye mashamba.

Olinga aliingia Busia watu wakikunja maturubai.

Nasimiyu alikuwa amemtangulia kwa Amoit. Alisimama mlangoni na kusema, kwa sauti ya pole, kwamba kumbe unga Olinga anaula. Kumbe kilichomshinda ni mkono fulani.

Amoit aliona mara moja jinsi kesi ilivyogeuka. Jana angeweza kuwaambia wazee ni upumbavu wa mwalimu. Leo mumewe alikuwa amekula kwa mwanamke asiyemjua, mchana, mbele ya soko, baada ya kuukataa wake msimu mzima. Nasimiyu alipoondoka, Amoit alipiga magoti mbele ya picha ya Moyo Mtakatifu, akalia, akamgombeza Mungu kama jirani mwenye masikio mazito. Kisha akainuka akanawa uso.

Jumapili, wakitoka misa, wazee walikuja. Walipewa viti. Olinga aliketi kwenye mkeka, amekonda, macho chini. Amoit akasonga mbele yao, akatenga, na mchuzi wa omena, dagaa wa ziwani, pembeni. Mvuke ukapanda. Osukuku akakohoa, akamwambia aonje.

Amoit akafuta mikono kwenye leso.

"Mzee, ule muhogo wa Chakol nani aliuonja?"

Osukuku akasema hilo halihusiki.

"Linahusika. Alikula kwa mkono wa mtu hata jina hamjui, na hakuuliza. Mimi nimemsongea tangu nivishwe pete, akiwa na homa, akiwa hana kazi, na sijaonja hata siku moja kama mwizi anayekaguliwa. Leo sionji. Akitaka ale. Asipotaka, njia ya Angurai naijua."

Mzee mmoja alinong'ona kwamba mwanamke huyu hana adabu, akanyamazishwa. Olinga aliinua macho, akamtazama mkewe, halafu akatazama ule ugali kama mtu anayetazama mlango wa nyumba yake baada ya safari ya kijinga. Akanyoosha mikono, akamiminiwa maji. Akamega tonge la kwanza, kubwa, akameza. Akaendelea. Jasho lilimtoka usoni, na hakuinua kichwa mpaka sahani ikang'aa.

"Amekula," Osukuku akatangaza, kana kwamba wengine ni vipofu. Akasema mke hana doa na kesi imekwisha.

Na kesi ikiisha, wazee hula. Ndiyo desturi, na wengi wao ndicho kilichowaleta. Wakasogeza viti. Osukuku akanawa, akaiinua mikono yake ikidondoka maji, akageuza uso kuelekea jikoni.

Amoit akaiokota sahani tupu. Alisema alisonga wa mtu mmoja, yule aliyeshtakiwa kwamba hali. Wao, kadiri ajuavyo, hakuna aliyewashtaki. Akaingia ndani, akachukua rozari yake, na sauti ya Salamu Maria ikasikika taratibu kutoka nyuma ya pazia, wakati Osukuku akijifutia mikono kwenye suruali.